Mahari yangu ilikuwa Mlima Kenya

Mmeniuliza sana habari ya mahari yangu, na maharusi ndio mmezidi, basi leo naieleza.

Nilipoulizwa nataka nini, nilisema msahafu na safari ya Mlima Kenya. Wazee kule Unguja walicheka. Ami yangu hakucheka. Alisema manfaa yanafaa kuwa mahari madhali yana thamani na yanajulikana, akachukua kalamu akaandika kila kitu: nauli, kiingilio cha hifadhi, ujira wa mwongozaji. Mume wangu ni mwalimu hapa Ruhuwiko. Mahari ni deni, na hili alilibeba miaka miwili, huku Jumamosi tukifanya mazoezi milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. (Mama mkwe: “Mwanangu, huko juu umeacha nini?”)

Tulikusudia kilele cha Lenana, mita 4,985. Karibu na juu pana waya wa chuma uliofungwa kwenye mwamba, na vyuma vya kukanyagia. Wataliano huiita via ferrata, yaani njia ya chuma. Askari walizitega nyingi milima ya Dolomiti katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Unavaa mkanda wa kiunoni na mapajani wenye kamba fupi mbili, kila moja na kulabu yake. Ukifika panapofungwa waya, unahamisha kulabu moja, kisha ya pili. Huzitoi zote kwa pamoja, hata kidogo.

Stara? Mkanda unabana nguo, kweli. Nilivaa suruali pana, mkanda, kisha koti kubwa la magotini, kamba zikatokea chini ya zipu. Hijabu iwe ya kuvutika, bila pini, maana kofia ngumu itakuchoma nazo. Mwongozaji alimfundisha mume wangu kufunga, mume akanifunga mimi, mwongozaji akakagua bizimu kwa macho.

Chupa ya maji nililala nayo ndani ya mfuko wa kulalia isigande. Viatu vilipita vifundo vya miguu na nilivivaa nina udhu, kwa hiyo nikapaka maji juu yake. Msafiri ana siku tatu na usiku wake. Tulitoka saa tisa usiku, Alfajiri tukaiswali nyuma ya jiwe, kibla kaskazini kama kwetu Unguja.

Kwenye waya mkono wangu uligoma. Chini kweupe, upepo unavuma, na vidole havitaki kufungua kulabu. Mume wangu alikuwa nyuma yangu.

“Fungua moja tu, bibiye. Ile nyingine imekushika.”

Nikafungua. Nikahamisha. Sijui vyuma vilikuwa vingapi, sikuhesabu.

Kileleni jua lilikuwa limeshatoka. Akakaa kwenye jiwe, midomo imepasuka kwa baridi, akaniuliza, “Haya, deni limekwisha?”

Nikamwambia, “Bado. Kuna nauli ya kurudi.”