MAWESE isisomeke MAWISI

Nimepotea wiki mbili, test zilikuwa zinafuatana kama mabehewa. Leo sina habari za kantini wala za boom. Leo naongelea herufi. Msikimbie kwanza.

Kuna zile herufi za kishua. Mguu mmoja mnene, mwingine mwembamba kama uzi, na chini vikanyagio vidogo vilivyonyooka, wenyewe wanaviita serifu. Jina la jarida la Vogue limeandikwa kwa ukoo huo. Kadi za harusi hapa Dar nazo zinazipenda kweli kweli.

Sasa mama mkubwa wangu wa Ilagala kazitaka. Kwa msiokujua kwetu, ni kusini ya mji wa Kigoma, pale Mto Malagarasi unapomwaga maji Ziwa Tanganyika. Michikichi ndiyo maisha. Yeye na wenzake wana kikundi cha kukamua mawese, na kuna mwenye duka mjini kawaambia atachukua madumu yao ya lita 5 yakiwa na lebo tu. Wakachanga hela ya lebo 300, wakanitumia kwa simu, pamoja na picha ya boksi la manukato.

“Mwanangu, nataka maandishi kama haya. Na sisi tuonekane.”

“Sawa mama mkubwa.”

Rafiki yangu mmoja wa hosteli akasema eti mawese hayaendani na herufi za manukato. Mi nasema kwa nini yasiendane? Nani aliandika hati kwamba urembo ni wa chupa ndogo tu?

Tatizo ni kingine kabisa. Herufi hizi zimefuata kalamu yenye ncha inayotanuka: ukiikandamiza mstari unanenepa, ukiilegeza unabaki uzi. Uzi huo unataka karatasi nzuri. John Baskerville, kule Birmingham, Uingereza, miaka ya 1750, hakuishia kwenye kubuni herufi. Alitengeneza wino mweusi zaidi, akaikandamiza karatasi kwa joto mpaka ikawa laini. Baadaye Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, wakazidisha tofauti ya unene mpaka mwisho. Bodoni aliendesha kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma tangu 1768 mpaka alipofariki 1813. Yaani jamaa alikuwa na karatasi ya mtawala, wino wa mtawala na muda wa mtawala. Mimi nina steshenari ya nje ya geti.

Nikachukua Playfair Display, fonti ya Mdenmaki mmoja, Claus Eggers Sørensen, iliyotoka 2011. Ni ya bure, hilo ndilo la kwanza kwa mwanafunzi. Na hilo neno Display si pambo, maana yake imechorwa ili iandikwe kubwa, kwenye vichwa vya habari.

Nikaprinti MAWESE. Jamani, ilipendeza! Ila nawajua watu wetu. Lebo zikiisha watatoa kopi mjini, halafu kopi ya kopi. Nikafanya hivyo hivyo mwenyewe. Kufika kopi ya tatu, vile vimikono vyembamba vya E vimepauka, imebaki fimbo tu. MAWISI. Kwa herufi ndogo ndiyo balaa, kale kamstari ka ndani ya e kakatoweka, ikasomeka mawcsc. Mwenzangu wa chumbani akauliza kama ni dawa ya minyoo.

Halafu nikaona kitu kuhusu Kiswahili chetu. Andika “ununuzi” au “mwaminifu” kwa herufi ndogo za aina hii. Nguzo nene, nguzo nene, nguzo nene, viunganishi havionekani. Ukisogea mbali kidogo ni uzio wa fito. Ndiyo maana ITC walipoitoa Bodoni yao mwaka 1994 walichora tatu: ya maandishi madogo, ya kati na ya makubwa. Ile ya madogo nyuzi zake zimenenepeshwa.

Basi nikapanga hivi. MAWESE peke yake kwa Playfair nene kabisa, ile wanayoiita Black, kubwa kadiri lebo inavyoruhusu. Lita, tarehe na namba ya simu kwa fonti ya kawaida isiyo na serifu. Nikapaka na kidole chenye mafuta, nikatoa kopi tatu, ikasomeka.

Nikamtumia picha. Akapiga.

“Jina la kikundi mbona umeliweka kama la risiti?”

“Mama mkubwa, likiwa dogo kwa zile herufi halisomeki.”

“Basi liwe kubwa.”

Nikamweleza kwamba likiwa kubwa na lebo inakua, na kwa hela ileile zinatoka 240, siyo 300. Akanyamaza. Nikasikia anawauliza wenzake kwa Kiha, wanabishana, mmoja anacheka. Akarudi kwenye simu.

“Weka kubwa. Hizo 240 tutaanza nazo.”

Zimepanda basi juzi. Juu ya bahasha nimeandika kwa maka peni, herufi nene za kawaida: MSITOE KOPI, ZIKIISHA NIPIGIENI.

Haya, nakimbilia maktaba. Mwenye printa nzuri aseme.