Baridi ya Orkney ilitufunza kuchagua nguo

MTU aliyezoea bahari ya Mombasa hudhani maji yote ya chumvi ni ndugu. Unavua shati, unajitosa, na unatoka tumbo linapodai chakula. Nami niliamini hivyo mpaka Machi iliyopita, nilipofuatana na mpwa wangu hadi visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, kwenda kupiga mbizi penye meli za vita za Wajerumani.

Kijana huyu anasoma Aberdeen. Alijifunza kupiga mbizi Watamu, na amekwisha kushuka mara kadhaa kwenye MV Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi karibu na Bamburi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki. Mamake, ambaye ni dada yangu, alipopata habari za safari alinipigia simu. Hakusema mengi. "Wewe ndiwe mjomba wake. Mrudishe mzima."

Tulivuka kwa feri kutoka Scrabster hadi Stromness, safari ya saa moja na nusu. Njiani tulipita chini ya mnara wa mwamba uitwao Old Man of Hoy, wenye kimo cha mita 137, uliosimama peke yake baharini kama mlinzi aliyesahauliwa zamu yake. Stromness nao ni mji wa mtaa mmoja mwembamba wa mawe, nyumba zimepeana mabega na nyingine zimetia miguu majini. Nilikumbuka Mji wa Kale kule kwetu, ila upepo wa hapa haukuja na harufu ya viazi karai. Ulikuja na makali ya wembe.

Meli 52 kwa siku moja

Katikati ya visiwa hivi kuna ghuba pana iitwayo Scapa Flow. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilazimishwa kuleta humo meli zao za vita 74 na kuzitia nanga chini ya ulinzi wa Waingereza. Mnamo Juni 21, 1919, kamanda wao, Ludwig von Reuter, aliamuru mabaharia wafungue vali za maji na kuzizamisha wenyewe, zisije zikaangukia mikononi mwa adui. Kufikia jioni, meli 52 zilikuwa zimekwenda chini. Nyingi ziliinuliwa baadaye na kuuzwa kama vyuma. Saba kubwa zingali zimelala humo: König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm, na nyingine nne ndogo kidogo, Cöln, Dresden, Brummer na Karlsruhe.

Msomaji aliyewahi kupeleka watoto Fort Jesus huenda ameuona ule mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyomalizikia mdomoni mwa mto Rufiji mwaka 1915. Meli hizi za Orkney zilitumikia jeshi lilo hilo la majini. Mpwa wangu aliugusa mzinga huo akiwa darasa la tano, na tangu siku hiyo meli za vita hazikumtoka kichwani.

Maswali matatu ya mzee

Asubuhi ya pili tulikwenda dukani kukodi vifaa. Ukutani zilining'inia suti za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo wapiga mbizi wa pwani yetu wanaijua, nami nitaiita suti ya maji. Imeshonwa kwa neoprini, mpira laini uliojaa viputo vidogo vya gesi. Suti hii haizuii maji. Huyaruhusu kuingia kidogo, mwili ukayapasha moto, nayo yakabaki kati ya ngozi na mpira. Aliyeibuni mapema miaka ya 1950 ni Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, aliyeng'amua kwamba kinachohifadhi joto ni gesi iliyo ndani ya mpira.

Ya pili ni suti kavu. Hiyo imefungwa kabisa: mpira mwembamba hubana shingo na vifundo vya mikono, na zipu yake haipitishi maji. Ndani unavaa nguo nzito za joto. Kifuani kuna vali ya kuingiza hewa kutoka kwenye mtungi, na begani kuna nyingine ya kuitoa.

Bei ya kukodi suti kavu ilikuwa maradufu ya ile nyingine. Mpwa wangu, mwanafunzi mwenye kuhesabu kila senti, aliikimbilia suti ya maji ya unene wa milimita saba. "Mjomba, mie si mgeni wa maji," aliniambia. "Watamu navaa ya milimita tatu na nasikia joto. Saba si nyingi hizo?"

Mzee mwenye duka hakubishana naye. Alimwuliza maswali matatu. Unataka kushuka kina gani? Utakaa chini muda gani? Na ukitoka majini, utakuwa wapi?

Kijana alijibu moja moja. Meli ya Cöln, chini ya mita 30. Nusu saa. Kisha juu ya mashua, katikati ya ghuba.

Hapo mzee akampa somo ambalo wanafunzi wetu wanalijua kama kanuni ya Boyle. Kwenye mita 10, msukumo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na viputo vya gesi katika mpira hunywea hadi nusu. Kwenye mita 30 hubaki robo. Suti uliyoikodi ikiwa nene kama mkate, huko chini inakuwa nyembamba kama chapati, na joto lake linakwenda nalo. Suti kavu hupata dawa ya jambo hilo, kwani kila unaposhuka unaiongeza hewa kidogo.

Lakini aliona kwamba maneno hayakuingia. Akasema kijana aivae suti ya maji, aende na mwalimu mahali penye kina kifupi, ufuoni, bahari yenyewe imwambie.

Dakika kumi na nane

Tulikwenda kwenye Vizuizi vya Churchill, kuta zinazounganisha visiwa vya mashariki. Zilijengwa baada ya nyambizi ya Kijerumani kupenya usiku wa Oktoba 1939 na kuizamisha manowari Royal Oak pamoja na watu zaidi ya 800. Kaburi hilo la baharini haliruhusiwi kuguswa na wapiga mbizi wa starehe. Kando ya kuta kuna mabaki ya meli kuukuu zilizozamishwa kuziba njia, nyingine zimetokeza mbavu zake juu ya maji.

Mwezi Machi bahari hii ina nyuzi 6 au 7 hivi za Selsiasi, ilhali ya kwetu haipungui 25. Ajabu ni kwamba Machi ndiyo majira ambapo maji yana baridi kali zaidi kuliko hata Desemba, kwani bahari hupoa polepole. Maji nayo hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa.

Kijana aliingia akicheka. Alitoka baada ya dakika 18, na hakuwa na kicheko. Alinieleza baadaye kwamba kwanza kipaji cha uso kiliuma kana kwamba kimepigwa nyundo. Kisha yale maji yaliyokwisha kupata joto yalikuwa yakitoroka kila alipojipinda na mapya yakiingia mgongoni. Dakika ya 15 vidole vilikufa. Alijaribu kubonyeza kitufe cha kutia hewa kwenye koti lake la kuelea, na hakujua kama amekibonyeza au la. "Mjomba, nilikiona kidole changu kikigusa, lakini sikukisikia."

Hiyo ilikuwa kwenye mita saba, na mwalimu ubavuni. Nilifikiria mita 30 na simu ya dada yangu.

Ufuoni mambo yalizidi, maana upepo ulimkuta amelowa. Alishindwa kujifungulia zipu. Tulimvua, tukamkausha, tukamvika sweta mbili na kofia, tukampa chai moto ya sukari. Mwalimu alikataza pombe na kumsugua mikono, akasema kutetemeka ni dalili njema: mwili ungali unapigana. Cha kuogopa ni mtu aliyepoa ambaye ameacha kutetemeka na kuanza kusema ovyo. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, huyo ni mgonjwa wa hospitali.

Suti kavu nayo ina vituko

Siku iliyofuata alivaa suti kavu, kwanza katika kidimbwi cha kuogelea, kisha mahali palepale ufuoni. Nisikufiche msomaji, si nguo ya kuvaa na kwenda. Kutia hewa kidogo mno kunaifanya ikubane mwili mzima. Ukitia nyingi, inaweza kukimbilia miguuni, nawe ukapinduka kichwa chini kama popo na kuvutwa juu kwa kasi, na kupanda kwa kasi ni hatari kwa mapafu na damu. Alipinduka mara mbili kidimbwini kabla ya kujua kujikunja na kuitoa hewa. Tena mpira wa shingo ukichanika, maji huingia yote.

Lakini alikaa baharini dakika 35. Alipoifungua, fulana yake ilikuwa kavu kama iliyotoka kupigwa pasi. Mikono tu ndiyo iliyopoa, kwa kuwa glavu zake zilikuwa za kuingiza maji.

Jioni hiyo alinibembeleza. "Mjomba, kesho twende Cöln. Umeona naweza." Nilimtazama mwalimu, naye akatikisa kichwa. Anayejifunza suti kavu leo hashuki nayo mita 30 kesho. Na suti ya maji ilikwisha kutoa jibu lake.

Kijana alikuwa ameweka akiba tangu Novemba. Alinyamaza, akala samaki wake bila kuinua uso. Sikumlaumu.

Kesho yake tulipanda feri ndogo kutoka Houton hadi Lyness, inayokatiza ghuba ile. Kwenye makaburi ya wanamaji ya Lyness wamelala Waingereza wengi, na pia Wajerumani tisa waliouawa siku ile ya Juni 1919. Mpwa wangu alisoma mawe yao taratibu. Wakati wa kurudi alisimama ukingoni mwa feri akiyatazama maji meusi.

"Septemba maji hufika nyuzi 13," akasema hatimaye. "Nitakuwa nimefanya mazoezi Aberdeen. Zimekaa miaka zaidi ya 100, miezi sita si kitu."

Kwa aendaye Watamu, suti ya milimita tatu yatosha. Kwa mwana wako atakayealikwa kwenye maji ya baridi ng'ambo, mwulize yale maswali matatu ya mzee kabla hajatazama bei.

Usiku nilimpigia dada yangu simu. Akauliza kama mwanawe ameziona meli. Nikamjibu kwamba bado, na kwamba amelala, amejifunika blanketi tatu.