Tumebaki Wawili

Mwezi Januari mwaka huu mtoto wetu wa mwisho alikwenda shule ya bweni. Wa kwanza ameolewa. Wa pili yuko kazini mjini. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mke wangu.

Mimi ni bwana shamba huku mkoani Njombe. Miaka hamsini sijafika. Sikutegemea nyumba yangu iwe kimya mapema hivi.

Wiki ya kwanza mke wangu alisonga ugali wa watu watano. Wiki ya pili vile vile. Alisema mkono umezoea. Kiporo tulikula asubuhi na chai, kingine alipewa mbwa. Mbwa alinenepa. Jioni tuliota moto jikoni, hatuna la kusema. Kumbe miaka yote tulizungumza kupitia watoto. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Muulize mama yako jembe liko wapi." Sasa hakuna wa kutumwa.

Lakini jambo kubwa ni shamba. Shamba letu ni ekari tatu. Kwa miaka mingi nimewaambia wakulima wapande mahindi kwa mstari. Sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja kila shimo. Nikisha kusema, napanda pikipiki, naenda kijiji kingine. Kwangu nani alipanda? Mama na watoto. Wawili walishika kamba, mmoja alichimba, mmoja aliweka mbolea na mbegu. Mimi nilipita jioni kukagua. Watu walisema shamba la bwana shamba ni la mfano, nami nilipokea sifa. Je, ndugu msomaji, kwako nani hushika kamba?

Mwezi Agosti mfyulisi ulio nyuma ya jiko ulichanua. Nikaanza kupanga msimu. Nilimwambia mke wangu tulime ekari zote tatu kama kawaida, tena tuongeze parachichi.

Aliniuliza, "Ekari moja ina mashimo mangapi, Bwana Shamba?"

Akiniita hivyo najua kuna neno. Nilipiga hesabu. Kwa nafasi ile, ekari moja ina mashimo karibu 18,000. Ekari tatu ni 54,000.

"Nani atainama mara 54,000?" aliuliza. "Wewe utakuwa mkutanoni."

Nilitaka kukasirika. Sikupata jibu.

Tukaenda kutazama ghala. Mavuno ya mwaka huu yalikuwa bado mengi, maana walaji wameondoka. Nilifungua gunia moja nikakuta unga unga. Ni dumuzi, yule mdudu ambaye wengi humwita Scania. Zamani watoto ndio waliopukuchua mahindi na kuchanganya dawa. Mwaka huu sikukumbuka. Bwana shamba mzima! Mke wangu hakusema kitu, alichukua ungo akaanza kupepeta. Afadhali angenisema.

Usiku ule tulizungumza mpaka moto ukazimika. Tulikubaliana kupanda mahindi ekari moja na nusu. Yatatutosha sisi, na watoto wakija likizo. Ekari moja tumemkodisha jirani. Nusu ekari iliyobaki ni ya parachichi, miche 40, nafasi ya mita 7 kwa 7. Mke wangu ametoa sharti. Maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi nitabeba mimi, naye atahesabu ndoo.

Mashimo nachimba mwenyewe, mawili kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kila shimo ni sentimita 60 kwenda chini. Nimefika shimo la 14. Viganja vimetoka malengelenge. Wakulima wakinipa mkono wanacheka.

Jumapili tuliijaribu kamba. Yeye alishika ncha yake, mimi yangu, hakuna wa kuchimba. Tukacheka sana. Basi nimechonga vigingi viwili vya kuifungia.

Jana mtoto wetu wa mwisho alipiga simu kwa ruhusa ya mwalimu. Aliuliza kama tutamngoja likizo ya Desemba apande nasi. Mvua za kwanza huja Novemba, na mahindi hayangoji likizo. Mama yake alinitazama, kisha akamjibu, "Soma tu mwanangu. Safari hii baba yako yupo."