Barua kwa Zuhura kuhusu vyombo vya Wamaya

Mpwa wangu mpendwa,



Picha ya kile chombo cha Wamaya imenifika. Unasema zile alama za ukingoni ni mapambo tu. Hapo sikubaliani nawe, mama. Ni maandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa Wamaya, Michael Coe, alitambua kwamba mfuatano uleule wa alama unajirudia chombo hata chombo, akadhani ni maneno ya kumsindikiza maiti. Waliomfuata wakasoma mambo ya barazani: hiki ni chombo cha kunywea, kimechorwa, ni cha kakao, mwenyewe ni fulani. Na si maneno matupu. Chungu cha kaburi moja la karne ya 5 huko Río Azul, Guatemala, kimeandikwa kakao. Maabara ilipopima masalia yaliyoganda ndani, ikakuta kakao kweli.

Wamaya hawakuwa na gurudumu la kufinyangia. Walifinyanga kwa mkono, wakapaka udongo laini wa rangi, kisha wakachoma. Na usidhani wachoraji walikuwa watu wa chini! Mmoja wa mji wa Naranjo, karne ya 8, alitia jina lake kwenye chombo, akataja na wazazi wake: baba yake alikuwa mfalme.

Kinachonifurahisha zaidi ni chombo cha Buenavista, Belize. Kilikutwa katika kaburi la kijana, lakini maandishi yanamtaja mfalme wa Naranjo, mji mwingine kabisa. Bila shaka ni zawadi: mkubwa anawafunga wadogo wake kwa kikombe cha kakao, siasa ninayoielewa vizuri sana. Lakini tunayajua hayo kwa sababu waliokichimba ni wataalamu, wakaandika kililala wapi na pamoja na nani. Vyombo vingi vizuri kuliko hicho vilichimbwa na wezi usiku, vikauzwa. Jina la mwenyewe bado linasomeka, ila aliyezikwa nacho hatutamjua kamwe.

Kwa hiyo ukirudi hapo makumbusho, kabla ya kupiga picha nyingine, soma kibao uone chombo kimetoka kaburi gani. Kama hakisemi, waulize wahudumu wa makumbusho, nao wakujibu. Uniandikie walichosema.

Wasalaam,
Mjomba wako