Sukari ya Kona ya Kumi na Sita

SUKARI ndiyo iliyonipandisha baiskeli, na sukari hiyo hiyo ndiyo iliyonifikisha kileleni. Msomaji mpendwa, usidhani nimechanganyikiwa. Kaa kitako nikusimulie.

Mwaka wa 2018, nikiwa na umri wa miaka 47 na tumbo la mwalimu aliyezoea chai ya saa nne na mandazi matatu, daktari mmoja mjini Eldoret aliniambia kwamba sukari katika damu yangu ilikuwa imefika mpakani. "Mwalimu," akasema, "ukivuka hapa, kurudi ni kazi." Akanishauri niache soda, nipunguze wanga, na nitafute zoezi.

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu nilikuwa nimeyasikia zamani. Marehemu baba yangu alikuwa na blakmamba, ile baiskeli nzito ya chuma ambayo wazee wetu waliithamini kuliko ng'ombe wa maziwa. Kila alfajiri alifunga mitungi miwili nyuma na kuisukuma milimani hadi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Alikuwa mwembamba kama ufito. Kisha Mungu akambariki, akanunua pikapu, na blakmamba ikaning'inizwa ghalani. Miaka minane baadaye ugonjwa wa sukari ulimwondoa akiwa na umri wa miaka 52. Nami, miaka mitano tu chini ya hapo, nilikuwa nikifuata nyayo zake bila kugeuka.

Kukimbia sikuthubutu. Mtu wa makamo akianza kukimbia Eldoret hupitwa hata na watoto wa nasari wakienda shule na mikoba yao. Nikanunua baiskeli ya mtumba ya gia nyingi, nikaanza kwa kilomita kumi.

MNYAMA WA MILIMANI

Huenda mambo yangeishia hapo kama si shemeji yangu, nduguye mke wangu, anayeishi Grenoble nchini Ufaransa. Siku moja aliniambia kwa simu kwamba karibu na kwao kuna mbio za wapanda baiskeli wasio wa kulipwa, zijulikanazo kama La Marmotte. Jina hilo ni la mnyama wa jamii ya kindi, mnene kama pimbi wa Mlima Kenya, anayeishi kwenye mawe ya milima ya Alps. Mbio hizo zilianza mwaka wa 1982, na kila mwaka maelfu ya watu wa kawaida, waokaji mikate, makarani, wauguzi na wastaafu, hujitokeza kuteseka kwa hiari yao.

Njia ya kawaida ya mbio hizo ina urefu wa kilomita 174, na ndani yake kuna milima minne: Glandon wa mita 1,924 kutoka usawa wa bahari, Télégraphe wa mita 1,566, Galibier wa mita 2,642, na mwisho Alpe d'Huez wenye kona 21. Ukijumlisha miinuko yote unapata kama mita 5,000. Hebu fikiria mtu aliyeanzia ufuoni Mombasa akapanda hadi karibu kufika ncha ya Batian, iliyo mita 5,199. Hayo yote kwa siku moja, kwa miguu yako mwenyewe.

Nilipomweleza mke wangu, alinyamaza kwa muda mrefu. "Baba," akasema mwishowe, "hiyo nauli ni karo ya muhula mzima." Alisema kweli. Tulivutana kwa majuma mawili. Hatimaye tukakubaliana niuze fahali mmoja na kuchukua mkopo mdogo wa sako, kwa masharti mawili: daktari aidhinishe, na nirudi mzima. "Sitaki medali," aliniambia. "Niletee mtu."

MATAYARISHO

Sisi watu wa huku tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari, na Iten, mji wa wanariadha, iko juu zaidi, karibu mita 2,400. Kutoka Iten barabara ya lami inateremka kupitia Tambach hadi mto Kerio, ambako joto ni la kuchoma na miti ni ya miiba. Ukishuka hadi mtoni na kupanda tena hadi Iten, umepanda zaidi ya mita 1,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu kila Jumamosi kwa miezi minane.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja, fundi wa baiskeli sokoni, ambaye hajawahi kuiona Ulaya lakini anaujua mlima. Alinifunza mambo matatu.

La kwanza lilikuwa gia. Alinifungia gurudumu la meno 34 mbele na la meno 32 nyuma, akaniambia niache aibu. "Gia nyepesi si ya mwanamke wala mtoto," alisema. "Ni ya mwenye akili. Anayesukuma gia nzito asubuhi huivuta baiskeli kwa mkono jioni."

La pili lilikuwa kuteremka. Wengi hudhani mteremko ni mapumziko. La hasha! Mpanda ngazi hushuka, na mshukaji asiyejua breki hufika kabla ya wakati wake, tena mahali asipopataka. Nilijifunza kufunga breki kabla ya kona, si ndani yake. Kuibana na kuiachilia ili magurudumu yasishike moto. Na kutazama ninakoelekea badala ya kutazama bonde.

La tatu lilikuwa kula. Kila nusu saa, uwe na njaa usiwe na njaa, tia kitu mdomoni: ndizi, kipande cha kiazi kilichochemshwa kwa chumvi, tende mbili. Nilicheka. Mimi niliyekatazwa sukari niambiwe nile tende? Daktari alinifafanulia: mwili unaofanya kazi nzito huitafuna sukari kama jiko linavyotafuna kuni, na mafuta ya tumboni hayawahi kuziba pengo hilo kwa haraka. Mzee akaongeza lake: "Mwalimu, njaa ya baiskeli haibishi hodi. Ukiisikia, tayari imeshaingia."

Kufikia Juni 2019 nilikuwa nimepungua kilo 14. Daktari akatia sahihi cheti ambacho waandalizi walikitaka, nami nikapanda ndege.

SIKU YA SIKU

Tulianzia mji mdogo wa Bourg d'Oisans saa moja asubuhi, mwanzoni mwa Julai. Sijapata kuona baiskeli nyingi kiasi hicho mahali pamoja. Mfaransa mmoja mwenye ndevu nyeupe alisoma neno "Kenya" kwenye fulana yangu, akauliza kwa ishara mbona sikimbii. Nikamwonyesha tumbo, au tuseme mahali tumbo lilipokuwa. Tukacheka.

Hata hivyo, Wakenya si wageni kabisa katika milima hiyo. Mwaka wa 2008 kijana wetu Zakayo Nderi aliipanda Alpe d'Huez kwa dakika 42 na ushei, jambo lililowashangaza wajuzi. Naye Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kufunzwa baiskeli na David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne akiwa chini ya bendera ya Uingereza.

Glandon niliupanda kwa adabu, nikipitwa na kila mtu. Barabara inapita msituni, inatumbukia ghafla korongoni, kisha inapanda tena kando ya ziwa la bwawa la Grand'Maison lenye maji ya rangi ya feruzi. Mteremko wake wa upande wa pili ni mkali hata waandalizi walisimamisha saa ya mashindano hapo, ili mtu asivunje shingo akitafuta dakika. Nilishuka kama nilivyofunzwa Tambach.

Bonde la Maurienne lilikuwa na joto la Kerio na upepo wa usoni. Nilijibanza nyuma ya Waholanzi sita, nikala ndizi yangu. Télégraphe nikaupanda, nikateremka Valloire, na hapo ndipo Galibier ulipoanza.

KIBURI

Ni kilomita 18 kutoka Valloire hadi juu. Tour de France ilipita huko kwa mara ya kwanza mwaka wa 1911, barabara ikiwa ya mawe na matope. Nusu ya kwanza ni ya upole. Kisha, mahali paitwapo Plan Lachat, barabara inavuka kijito, inageuka, na kuusimamia mlima wima. Miti imekwisha. Ni majani, mawe, na madoa ya theluji kando ya lami.

Hapo nikaona ajabu. Watu wakubwa wenye mapaja kama magogo walikuwa wakihema, vinywa wazi, wengine wameshuka na kukaa juu ya mawe. Hewa ilikuwa nyepesi. Lakini kwangu mimi, hewa ile ilikuwa ya nyumbani! Ilikuwa kama kwenda Iten kununua maziwa. Nikampita mmoja, wakafuata watano, kisha ishirini. Mmoja aliniita "Kenya, Kenya!" nami nikasimama juu ya pedali kama bingwa.

Msomaji, kwa muda wa saa nzima sikutia kitu mdomoni. Tende zilikuwa mfukoni, lakini bingwa anakula saa ngapi? Nilifika juu saa kumi kasoro, nikapiga picha, nikavaa koti na kuteremka zaidi ya kilomita 40, nikipita mahandaki yenye giza, nikijiona nimemaliza. Nilisahau kwamba mlima wa mwisho haujali ulivyowapita watu mlima wa tatu.

KONA YA KUMI NA SITA

Alpe d'Huez una kilomita 13.8. Kona zake zimeandikwa nambari kuanzia chini, 21, kurudi nyuma hadi 1, na kila kona ina kibao cha majina ya washindi wa hatua za Tour de France zilizomalizikia hapo, Fausto Coppi akiwa wa kwanza mwaka wa 1952. Kilomita za mwanzo ndizo kali kupita zote.

Katika kona ya 19 miguu yangu iligeuka pamba. Katika kona ya 17 nilianza kuona vinyota, mikono ikitetemeka, jasho limekuwa baridi ingawa lami ilikuwa ikichemka. Mapafu yalikuwa salama salimini. Kuni ndizo zilizokwisha jikoni. Nilipapasa tende, nikakuta mfuko mtupu. Zilikuwa zimenidondoka nilipokuwa nikivua koti. Nikafika kijiji cha La Garde, kwenye kona ya 16, nikashuka na kuegemea ukuta. Nilimwona marehemu baba akiisukuma blakmamba yake na mitungi miwili. Nilisema moyoni: basi, imetosha.

Bibi mmoja mzee, mwenye umri wa kuwa mama yangu, alikuwa ameketi langoni mwake akiwamwagia waendeshaji maji kwa mpira wa bustani. Alinitazama mara moja tu, akaweka mpira chini, akaingia ndani. Akatoka na bilauri ya maji na vipande vinne vya sukari katika kiganja. Sikujua Kifaransa, naye hakujua Kiswahili. Alivitia mdomoni mwangu kimoja kimoja kama anayemlisha mtoto, kisha akaketi nami kwa robo saa, akinikataza kwa kidole kila nilipotaka kuinuka. Aliporidhika, alinisukuma mgongoni.

Nilipanda polepole kuliko mtu anayetembea. Watu wale wote niliowapita Galibier walinipita mmoja mmoja, pamoja na yule Mfaransa wa ndevu nyeupe, naye hakunicheka. Alinipa nusu ya mkate wake wa asali. Njiani nikakumbuka kwamba hata Froome, mwaka wa 2013, aliishiwa sukari katika mlima huu huu, akapokea chakula kutoka kwa mwenzake mahali kanuni zilipokataza, akatozwa sekunde 20. Alilipa akashukuru, na mwaka huo akashinda. Ikiwa bingwa wa Tour de France alikubali kulishwa, sembuse mwalimu wa Eldoret?

Nilivuka mstari saa moja na dakika kumi jioni, jua la Ulaya likiwa bado juu ya milima. Ilikuwa ni saa kumi na mbili tangu tuondoke. Nilimpigia simu mke wangu. "Medali umepata?" akauliza. Nikamjibu, "Nakuletea mtu." Alilia, nami nikalia, shemeji akishika baiskeli.

Mwezi uliofuata daktari alipima damu yangu, akapima tena, akasema nimerudi upande salama wa mpaka. Deni la sako nililimaliza baada ya mwaka na nusu, na sijutii hata shilingi.

Watu huniuliza siri ya mlima. Wanatarajia niseme mapafu, kwa kuwa sisi ni watu wa nyanda za juu. Mapafu nilikuwa nayo, tena ya kutosha kuwagawia Waholanzi, lakini ndiyo yaliyonidanganya. Mlima unataka mtu ale kabla ya njaa, apunguze kabla ya kona, na akubali msaada kabla ya kuanguka. Baba yangu hakupata wa kumwambia hayo.

Nawe msomaji, huna haja ya kuuza fahali uende Ufaransa. Muone daktari, kisha tazama ghalani. Kuna blakmamba inaning'inia hapo, na matairi yake yanangoja upepo.