Grogan, mng'aro unakotafutwa

Ukivuka River Road jijini Nairobi na kuteremka kuelekea mtoni, masikio yatakuarifu kabla ya macho kwamba umefika Kirinyaga Road. Nyundo zinalia na vipuri vya magari vimetandazwa hadi ukingoni mwa barabara. Wazee wangali wanapaita Grogan, jina la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo akamaliza mwaka wa 1900.

Magari ya zamani, kama vile Volkswagen za miaka ya 1960, huwa na mikanda ya aluminiamu ubavuni. Ikipauka, mwenyewe husugua kutwa nzima na ising'ae. Kisa ni nini? Kiwandani aluminiamu hiyo ilitumbukizwa katika asidi na kupitishiwa umeme, ikaota ganda liitwalo anodaizi. Ganda hilo ni jembamba kuliko unywele, lakini ni gumu kuliko aluminiamu yenyewe. Dawa ya kung'arishia hulipapasa tu.

Kwa hivyo fundi hulitoa kwanza. Huufungua mkanda kutoka garini, maana dawa yake hubambua rangi. Huuosha mafuta, kisha huutia katika maji yenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Povu likianza kupanda kwa wingi, ganda limekwisha na soda inaila aluminiamu. Hapo huutoa upesi na kuusuuza kwa maji tele. Hufuata msasa wa maji, namba 800, 1200 hadi 2000, na mwisho gurudumu la pamba lenye dawa.

Msomaji, usiijaribu kazi hii kwa pupa. Soda ndiyo hutiwa majini kidogo kidogo; maji hayamwagwi juu ya soda, kwani huchemka na kuruka. Vaa glavu za mpira na miwani, ufanyie kazi nje, mbali na moto, kwa kuwa povu lile hutoa haidrojeni, hewa inayowaka. Na kamwe usiiweke dawa hiyo katika chupa ya soda ya kunywa. Mtoto akiinywa, humuunguza koo.

Mkanda uliovuliwa ganda hauna kinga tena. Upake nta mara kwa mara, hasa ukiishi Mombasa penye hewa ya chumvi. Ukiharibika, utatafuta mwingine Grogan. Jicho likiharibika, hakuna duka liuzalo jingine.