Mwendo wa Kwato

Asubuhi moja ya Septemba, kijana mmoja aliyezoea matatu alipanda kigari cha farasi karibu na Bird-in-Hand, katika Kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kigari kilikuwa cha kijivu, rangi itumiwayo na Waamishi wa huko, na nyuma kilibandikwa pembetatu ya rangi ya machungwa ili wenye magari wang'amue mapema kwamba mbele yao pana kitu kiendacho polepole. Tahadhari hiyo si ya bure. Lori lilipowapita kwa kishindo, kigari kizima kilitetema, naye kijana akaushika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Farasi hakugeuza hata sikio.

Walipita kati ya mahindi yaliyokauka na nyumba zisizofikiwa na nyaya za umeme. Kijana alikuwa amedhani kwamba Waamishi huliogopa gari. La hasha! Hukubali kupakiwa katika gari la kukodi. Wanachokataa ni kulimiliki. Wala hawana majengo ya kanisa, bali huabudu majumbani kwa zamu. Kwa hiyo anayetegemea farasi hana budi kuishi karibu na wenziwe.

Mzee aliyeshika hatamu alizungumza na mgeni wake kwa Kiingereza. Walipowakuta watoto kando ya njia, aliwasemesha kwa Kijerumani cha Pennsylvania, nao wakamjibu papo hapo. Lugha hiyo haitahiniwi na mtu, lakini kila mtoto huinukia nayo.

Mbele kidogo palikuwa na kibanda cha maboga. Msichana wa yapata miaka kumi na mitano alikuwa akiuza. Mzee alieleza kwamba alimaliza darasa la nane, na masomo yakaishia hapo. Tangu mwaka 1972, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, wazazi wa Kiamishi hawalazimishwi kuwapeleka watoto wao mbele zaidi.

"Mzee, naye angependa kuendelea?" kijana aliuliza.

Mzee alinyamaza hadi wakapita mashamba mawili.

"Swali hilo aulizwe mwenyewe," alisema hatimaye.

Kibanda kilikuwa kingali kikionekana nyuma yao. Kwa mwendo ule, kijana angeweza kushuka na kurudi kwa miguu. Hakushuka.